Nilikubali kuhesabu watu kwenye mashindano ya ngoma wakati wa corona, sasa kikao cha ukoo kinanisubiri Jumamosi

Gharama ya jambo zima mpaka leo asubuhi: barakoa kumi na mbili, siku kumi na moja za kulala juu ya mabelo ya mapazia, mitungi ya oksijeni ambayo kaka yangu anasema ilikuwa minne na mimi kwenye risiti niliihesabu mitatu, na baba ambaye sasa akitoka chumbani kwenda chooni anapumzika njiani mara mbili.

Nimehesabu hayo yote mara mbili. Ndivyo nilivyo. Na ndicho kilichoniponza.

Wakuu, salaam. Mimi ni mama wa makamo, nauza mapazia ya mitumba pale Igoma, Mwanza. Sina faida yoyote ya kuwadanganya, hamnijui na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kununua pazia kwangu. Nitaandika kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu. Jumamosi ukoo unakaa kuamua kama mimi ndiye niliyemletea baba ugonjwa, na kama bado nastahili kukaa naye. Nahitaji akili za watu wengine kabla ya hapo.

Nianze na ngoma, maana bila ngoma hamtaelewa.

Mimi ni shabiki wa ngoma. Sisemi ya harusini. Nasema ngoma za mashindano za Kisukuma, zile za baada ya mavuno. Wengine mna timu zenu za mpira, mnavaa jezi mnalia. Mimi nina kundi langu huku Kisesa, nimelifuata tangu sijaolewa, nikaolewa nikalifuata, nikaachika nikaendelea kulifuata. Mume alisema nichague. Nilichagua haraka kuliko alivyotegemea.

Kwa wasio wa huku: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, siku moja, saa ileile. Hawapokezani. Hawa wako mwisho huu wa uwanja, wale mwisho ule, ngoma zinagongana katikati hadi meno yanatetemeka. Mtazamaji unasimama unapotaka. Ukiona wale wamekolea, unahama unawafuata. Muda waliopatana ukifika, upande wenye watu wengi ndio umeshinda.

Hakuna jaji mwenye kalamu. Miguu yako ndiyo kura.

Kwa hiyo mnaona wenyewe mtego ulipo. Ugonjwa unasema msisongamane. Ngoma inasema asiyesongamanisha watu kashindwa.

Halafu kuna pande mbili za jadi, Wagika na Wagalu, na familia inakuwa ya upande mmoja toka kwa mababu. Sitasema sisi ni wa upi, maana najua humu mpo wa kule na uzi utageuka uwanja. Jueni tu kwamba baba yangu alicheza upande wetu zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa anarusha jembe juu, anageuka mara mbili, analidaka nyuma ya mgongo. Mchana alikuwa kiwanda cha kuchambua pamba. Pamba ndiyo iliyomaliza ngoma yake, vumbi lilimwingia kifuani likajenga. Pumu. Akaacha kucheza, akabaki shabiki kama mimi.

Mama alishafariki. Baba anaishi na mimi, vyumba viwili na ua, Igoma.

Mwaka wa kwanza wa corona ngoma zilisimama. Sikuwahi kujua msimu wa kiangazi unaweza kuwa mrefu vile. Mwaka uliofuata, yaani msimu huu, wakaruhusu kwa masharti, halafu papo hapo lile wimbi la tatu likaanza. Watu wanakohoa sokoni. Tangawizi imepanda bei mpaka nikawa namuuliza muuzaji kama inakuja na cheti. Na mimi bado nataka kwenda.

Nilikwenda maonyesho mawili madogo kabla ya mashindano. Nilisimama juu ya kichuguu, peke yangu, barakoa mbili, kama mchungaji wa mbuzi ambaye mbuzi wamemkimbia. Ukweli ni kwamba sikufurahia sana. Kila njuga zikilia mguuni mwa mchezaji, nasikia kikohozi nyuma yangu. Nikigeuka hakuna mtu.

Nikirudi nyumbani nilikuwa na utaratibu. Naoga uani kabla ya kuingia, nguo zinaingia kwenye ndoo ya sabuni, nalala chumba changu, mlango wa baba sigusi. Kisha nasimama nje ya dirisha lake na kumsimulia.

"Mayu, wamecheza?" Hivyo ndivyo anavyoniita, mama, kama wazee wengi wa Kisukuma wanavyowaita binti zao.

"Wamecheza baba."

"Jembe limedondoka?"

"Mara moja. Yule mrefu."

"Yule anatazama watu badala ya kutazama jembe." Namsikia anagonga mdundo kwa vidole kwenye mbao za kitanda. Halafu lazima aulize: "Na yule mzee wa wale?"

Yule mzee wa wale ni manju wao, kiongozi na mtunzi wa nyimbo wa kundi pinzani. Rika la baba. Walishindana ujana wao wote.

"Sijamwangalia baba. Mimi siendi kule kuangalia wale."

"Sawa," anasema. "Sawa sawa."

Basi yakaja mashindano yenyewe. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kura Jumapili jioni. Mtendaji wa kata akayaita makundi yote mawili kupanga masharti, na manju wetu, anaitwa Nkwabi, akanichukua niende naye. Sababu anaijua kila mtu: nikinunua nyanya, muuzaji anaomba poo.

Mtendaji akasema ndoo za maji kila kona, barakoa, na kila mtu asimame mita mbili kutoka kwa mwenzake.

Wakuu, hapa ndipo aibu yangu ya kwanza ilipo.

Nikamwambia mtendaji, mita mbili ni bei ya mgeni. Watu wakacheka. Nikamwonyesha kwamba uwanja wote hautatosha watu mia tatu, na kwamba ngoma ya watu mia tatu ni msiba. Akashuka mita moja na nusu. Nikanyamaza, nikafunga kanga vizuri kama mtu anayeondoka. Akashuka mita moja. Nikasema hatua moja ya mtu mzima, tumalizane.

"Mtu mzima yupi?" akauliza.

Nikanyoosha mguu wangu.

Mimi ni mfupi, wakuu. Mtendaji akaucheka ule mguu, akasaini.

Nilitoka pale najisikia mshindi. Nilipunguza umbali wa ugonjwa kama ninavyopunguza bei ya belo, na nilipigiwa makofi.

Kukabaki swali moja. Siku zote mshindi anajulikana kwa macho, unatazama tu upande uliojaa. Sasa watu wakisimama kwa hatua, upande wa watu wachache unaweza kuonekana mpana. Wazee wakabishana hadi wakapatana kitu ambacho hakijawahi kufanyika: tuhesabu vichwa. Kila kundi litoe mhesabuji wake, na kila mhesabuji akahesabu watu wa upande wa pili, kwa sababu hakuna anayemwamini mtu kuhesabu watu wake.

Nkwabi hakuangalia pembeni. "Huyu," akasema. "Huyu anahesabu chenji mara mbili hata akipewa na padri."

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimemwahidi baba na kumwahidi kaka yangu anayekaa Nyegezi kwamba nitasimama pembeni, karibu na barabara, penye upepo. Mhesabuji hasimami pembeni. Mhesabuji anapita katikati ya watu.

Nilifikiria pumu ya baba. Nilifikiria pia upande wetu kushindwa kwa sababu mtu mwingine kahesabu ovyo. Nikasema nitavaa barakoa tatu.

Jumamosi kabla ya kutoka nilimuaga dirishani. "Baba, leo na kesho silali hapa. Nitalala stoo kwenye mapazia, mpaka nijione nina afya."

"Nenda," akasema. "Mimi nitalala tu. Kifua kimetulia."

Jumapili. Vumbi, jua, ngoma. Sitawaelezea uzuri wake maana nitalia na keyboard itaharibika. Niseme tu kwamba wetu walirusha majembe kumi na sita kwa pamoja na yakadakwa kumi na sita. Nilihesabu.

Wale nao wakaja na balaa lao. Wana chatu, wanacheza naye. Msimu huu wamemshonea barakoa ya kitenge. Chatu mzima, mrefu kuliko kitanda, amefungwa barakoa, na yule manju wao mzee anamzungusha shingoni huku anaimba kwamba nyoka wake ana adabu kuliko watu wa mjini.

Watu wakahama. Niliona kwa macho yangu watu wetu wanavuka uwanja, wengine wanacheka wamejishika mbavu. Moyo ukaniuma vibaya sana.

Muda ukafika, filimbi ikapigwa, wakasema asihame mtu. Nikaingia upande wao. Mhesabuji wao, fundi baiskeli anaitwa Bugumba, akaingia upande wetu. Tulipishana katikati ya uwanja.

"Mama mapazia," akaniambia, "leo usituombe tupunguze."

"Na wewe usihesabu kama unavyokaza spoku," nikamjibu. "Watu wataanguka njiani."

Nilikuwa na maharage mfuko wa kushoto. Kila watu kumi, harage moja linahamia kulia. Watu walikuwa bado wamesimama kwa hatua, kwa hatua yangu mimi, na nilipita katikati yao nimebana pumzi kama mtu anayepita kwenye maji. Watu mia sita thelathini na mmoja.

Bugumba akarudi: upande wetu mia sita ishirini na nne.

Tumepigwa kwa saba.

Sasa wakuu, mtu mwenye akili angekubali. Mimi nikasema narudia. Sijawahi kuamini hesabu ya kwanza hata ya kwangu mwenyewe. Wazee wao wakapiga kelele, wa kwetu wakapiga kelele, mwisho wakakubali nirudie.

Ile ya pili ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Watu walikuwa wamechoka kusimama kwa hatua. Wameshajua wameshinda. Wamebanana, wameshusha barakoa shingoni, wananiimbia wimbo walioutunga palepale, kwamba mke aliyeachika anahesabu waume wa wenzie. Siwezi kupata idadi kwa macho, wanachezacheza makusudi. Nikaanza kuwagusa. Bega, bega, bega. Barakoa zangu tatu zimelowa jasho hazipitishi hewa, nikitaja namba hawanisikii. Nikazishusha ili nipaze sauti.

Nilizishusha, wakuu. Katikati ya watu mia sita. Ili nisikike nikisema mia nne na kumi.

Kuna mtu alikohoa karibu na sikio langu. Kikohozi kikavu. Sikugeuka nisije nikapoteza hesabu.

Karibu na mwisho palikuwa na mzee mmoja, koti refu, kofia imeshushwa, barakoa imepanda hadi chini ya macho. Nilipomgusa bega akageuza uso upande wa ngoma. Nikasema mia sita na kumi na tisa, nikapita.

Jumla mia sita ishirini na saba. Kwa hiyo tumepigwa kwa watatu. Nilipunguza kipigo, ndivyo nilivyojifariji.

Jioni nikampigia baba kutoka stoo. Akapokea anahema.

"Nilikuwa chooni," akasema.

"Tumepigwa baba. Kwa watu watatu."

"Watatu tu?"

"Watatu."

"Pole mayu."

Hakuuliza kama jembe limedondoka. Hakuuliza habari za yule mzee wa wale. Nikadhani ni huzuni.

Sasa siku zinazofuata nitawapa kama zilivyo, maana kaka yangu anazo kwenye karatasi na atazisoma Jumamosi.

Jumatatu baba alinipigia, king'amuzi hakishiki, anataka habari. Nikaenda. Nilisema nitamwelekeza kupitia dirishani, tukashindwana, nikaingia. Barakoa nimevaa. Nilichomoa waya, nikachomeka, nikasubiri kiwake. Dakika nane. Najua ni nane kwa sababu nilitazama saa nikiingia na nikitoka.

Jumatano asubuhi nilipita mwaloni, soko la samaki, kuchukua dagaa wa kula. Nikasimama mbele ya dagaa waliotandazwa, wametandazwa hatua kwa hatua, na sikusikia harufu yoyote. Nikainama. Nikachukua kiganja nikasogeza puani. Muuzaji akaniambia, "Mama, unanunua au unawabusu?"

Mtu wa Mwanza asiposikia harufu ya dagaa hahitaji kupimwa. Nilirudi stoo. Nikakaa juu ya mapazia nikaanza kuhesabu: Jumapili, Jumatatu, dakika nane.

Alhamisi baba akaanza kukohoa.

Nilimsikia kwenye simu. Nikamwambia avute pampu yake. Akasema ameshavuta. Nikampigia kaka, nikamwambia na zile dakika nane. Kaka akaja na gari la kukodi, akamkuta baba amejifunika blanketi juu ya nyungu ya mwarobaini, anahema kama mtu aliyetoka kuogelea. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, sikuruhusiwa kusogea, nikamuona baba yangu anapandishwa kwenye gari. Alinipungia mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameushika mlango.

Kaka alishusha kioo. "Dada, wewe na ngoma zako."

Basi. Akapandisha kioo, wakaondoka.

Hospitalini wakamwekea kile kidude cha kubana kidole. Themanini na nne. Mimi ambaye najua namba sikuijua namba hii, nikamuuliza nesi kwa simu themanini na nne ni kwa mia? Akasema ndiyo. Nikaona si mbaya, ni kama A ya shule. Nesi akanieleza taratibu kwamba ni oksijeni ya damu, na ikishuka chini ya tisini ni hatari.

Kwa siku sita niliishi kwa ile namba. Kaka aliituma kwenye grupu la familia asubuhi na jioni, bila salamu. Themanini na sita. Themanini na tatu. Themanini na tatu. Themanini na nane kwa oksijeni. Nilikuwa nazitazama kabla sijafungua macho vizuri. Mara moja alichelewa kutuma mpaka saa tano na mimi nikawa nimeshachagua kichwani pazia la kufunikia jeneza. Kisha ikaja: tisini.

Namshukuru Mungu hadi leo. Mzee akatoka. Harufu yangu nayo ilirudi, kidogo kidogo, kwanza kitunguu, mwisho dagaa.

Kaka akamchukua moja kwa moja hadi kwake Nyegezi. Nilipoonekana mzima nikaruhusiwa kumsalimia, Jumapili, mke wa kaka amekaa sebuleni karibu yetu kama askari magereza. Alipokwenda kuepua chai, baba akanivuta kanga.

"Mayu. Dakika nane si zako."

Sikumwelewa.

"Nilikuwepo," akasema. "Mtu wa koti. Ulinigusa bega hapa."

Wakuu, mia sita na kumi na tisa.

"Baba! Upande wa wale?"

"Punguza sauti."

"Upande wa WALE, baba?"

Akatazama mlangoni. Pumzi zake zinakuja fupi fupi, anasema maneno matatu anapumzika. Akaniambia alikodi bodaboda siku zote mbili, Jumamosi nilipotoka na Jumapili tena. Akasema watu wa rika lake walikuwa wanakufa kila wiki, na alijua kwamba yeye na yule mzee, mmoja wao hatafika msimu ujao. Alitaka kumuona akicheza. Kutoka upande wetu huwezi kumuona vizuri, watu wanaziba. Akavuka.

"Na filimbi ikapigwa nikiwa huko," akasema. "Wakasema asihame mtu."

"Kwa hiyo umetupigia kura ya kushindwa."

"Mlipigwa kwa watatu. Bila mimi ni wawili. Usinibebeshe wote."

Nilicheka. Nilicheka huku nalia, na yeye akacheka hadi akakohoa, na mke wa kaka akaja mbio akanitoa nje.

Lakini kabla hajanitoa baba alikuwa ameshasema lile linalonikosesha usingizi: "Usimwambie mtu. Watanizika kimya."

Niwaeleze. Kwetu mchezaji wa zamani akifa, kundi lake linakuja kumpigia ngoma. Majembe yanarushwa kaburini. Baba ameshachagua hata wimbo, ameshanionyesha nani arushe na nani asiguse. Ikijulikana kwamba siku ya kura alisimama upande wa wale, akahesabiwa huko, tena na binti yake, hakuna atakayekuja. Wengine wanaweza kumsamehe corona. Hilo hawamsamehi.

Sasa Jumamosi.

Kaka ameita kikao cha ukoo, saa nne asubuhi, kwake. Hoja yake ni kwamba mimi nilikwenda kwenye msongamano, nikashusha barakoa mbele za watu (ana mashahidi mia sita), kisha nikaingia kwa baba dakika nane, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukaa na mgonjwa. Anataka niombe radhi mbele ya wazee, nitoe mbuzi, na baba abaki Nyegezi moja kwa moja. Nitamuona siku watakazonipangia.

Mbuzi si tatizo, mbuzi tutapatana. Tatizo ni baba. Mimi ndiye ninayejua anapenda uji uwe mwepesi na redio iwe kushoto. Kule Nyegezi wanamlaza chumba kisicho na dirisha la nje. Nani atasimama amsimulie?

Na mbaya zaidi, sijui kama mimi sina hatia. Nimeirudia hesabu usiku na mchana. Inawezekana aliupata uwanjani mwenyewe, siku zile mbili, kwenye bodaboda, kwa yeyote. Inawezekana aliupata kwangu nilipomgusa bega, au kwenye zile dakika nane. Nimehesabu mara mbili, mara tatu, mara ishirini, na kila mara inagoma kutoka. Ni hesabu ya kwanza maishani mwangu isiyo na jumla.

Nikisema ukweli, kaka hana tena hoja, baba anaweza kurudi nyumbani. Ila atarudi akiwa ameaibishwa mbele ya watu wake, na siku yake ikifika atazikwa kwa kimya alichokiogopa. Nikinyamaza, ngoma yake ipo, lakini nabeba mzigo ambao huenda ni nusu yangu, na nampoteza akiwa hai.

Kama mnataka somo, ninalo moja tu ambalo nina uhakika nalo: umbali wa ugonjwa haupatanwi bei. Mtendaji akisema mbili, mpe mbili. Kama uwanja hautoshi, ngoma isubiri. Hayo mengine yote sina somo, nina wasiwasi tu.

Leo asubuhi baba amenipigia kwa simu ya mke wa kaka, ananong'ona.

"Mayu, umeshaamua?"

"Bado baba. Nataka kuuliza watu."

Akavuta pumzi, nikaisikia ilivyo fupi. "Basi waulize wasiotujua."

Ndiyo maana nimekuja humu. Nyie msiotujua, niambieni, na mniambie kabla ya Jumamosi saa nne: niseme, au ninyamaze?